Dubu Mweusi wa Amerika Kaskazini: Awindwe Msimu wa Machipuko au wa Mapukutiko?

Mtu anayeishi Idaho au Montana nchini Marekani, au Ontario nchini Kanada, na anayetaka kuomba leseni ya kuwinda dubu mweusi hukuta misimu miwili mbele yake: wa machipuko, kati ya Aprili na Juni, dubu wanapotoka walikolala, na wa mapukutiko, kuanzia mwisho wa Agosti au Septemba hadi Novemba, kabla hawajarudi kulala. Mwenzake wa Colorado au wa jimbo la Washington hana uchaguzi huo, kwa sababu kura ya wananchi huko Colorado na uamuzi wa tume ya wanyamapori huko Washington vimeufunga msimu wa machipuko. Wako wasomaji wa Kiswahili wanaoishi katika nchi ya dubu, wakiwemo Wakongomani waliohamia Portland na Lewiston katika jimbo la Maine, na baadhi yao sasa ni wapiga kura wanaoulizwa maoni juu ya misimu hii hata kama hawatashika bunduki maishani mwao. Ulinganisho huu unawafaa wote wawili: anayetaka kuwinda, na anayetakiwa kuamua wengine wawinde lini.

Mwaka wa dubu na mafuta yake

Misimu hii haiwezi kulinganishwa vizuri bila kwanza kuufahamu mwaka wa dubu mwenyewe, na mwaka huo hutawaliwa na mafuta yaliyo chini ya ngozi yake. Dubu mweusi, ambaye huweza pia kuwa wa kahawia, wa rangi ya mdalasini, au hata mweupe kama wale wachache wa pwani ya British Columbia, ndiye aliye wengi kuliko dubu wa aina nyingine yoyote duniani. Idadi yake hukadiriwa kuwa kati ya 850,000 na 950,000. Anapotoka mwezi Machi au Aprili huwa amekonda, na jambo ambalo wengi hawalitarajii ni kwamba huendelea kukonda kwa wiki nyingi baada ya kutoka. Hula nyasi na majani machanga, sisimizi, mizoga ya wanyama walioshindwa na baridi, na mwezi Mei na Juni hukamata watoto wa kulungu, lakini chakula hicho hakimnenepeshi. Uzito huanza kurudi pale tu matunda ya porini yanapoiva katikati ya kiangazi.

Kupandana hufanyika zaidi Juni na Julai, ila mimba haiendelei mara moja. Yai lililorutubishwa hukua kidogo, kisha husimama na kubaki likielea ndani ya mji wa mimba hadi karibu na Novemba. Ikiwa jike amepata mafuta ya kutosha, kiinitete hujishikiza na kukua; ikiwa mialoni haikuzaa na jike amebaki mwembamba, mimba huishia hapo. Watoto huzaliwa Januari au Februari ndani ya pango, kwa kawaida wawili au watatu, kila mmoja akiwa na uzito usiofika nusu kilo, na hukaa na mama yao mpaka wafikie umri wa mwaka mmoja na nusu hivi. Kwa hiyo jike huzaa mara moja kila baada ya miaka miwili kwa wastani bora, na mara nyingi hajazaa kabisa kabla ya mwaka wake wa tatu, wa nne au wa tano. Mnyama wa namna hii hawezi kuwindwa kama sungura, wala hata kama kulungu, kwa kuwa pengo la majike waliouawa huchukua miaka mingi kuzibika.

Kuanzia mwisho wa Agosti dubu huingia katika ulaji usio na kipimo. Huweza kula kwa saa 20 kati ya 24, akijipatia kalori za chakula zinazofikia 20,000 kwa siku kutokana na matunda ya mialoni, njugu za miti ya biichi, hazeli na matunda madogo ya vichakani. Kisha hulala, na katika maeneo ya kaskazini kabisa usingizi huo huweza kufika miezi saba bila kula, kunywa, kukojoa wala kwenda haja kubwa. Utafiti wa Alaska uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha kwamba matumizi ya nguvu ya mwili wa dubu aliyelala hushuka hadi takriban robo ya kawaida, ilhali joto la mwili wake hupungua nyuzi chache tu. Ndiyo maana anayedhani dubu aliyelala ni kama mfu anakosea kwa hatari: mnyama huyo huweza kuamka na kusimama.

Nani huuawa katika kila msimu

Hapa ndipo tofauti kubwa ilipo, na ni tofauti isiyoonekana kwa mtu anayetazama mizoga tu. Madume hutoka mapangoni kwanza, wakifuatiwa na majike wasio na watoto, na wa mwisho kabisa ni mama mwenye watoto wachanga, ambaye huenda akabaki karibu na pango lake hadi Mei. Wakati wa kurudi, mpangilio hugeuka: jike mwenye mimba huwa wa kwanza kuingia pangoni, mara nyingi mwezi Oktoba au hata mapema zaidi kaskazini, na madume huwa wa mwisho kuacha kula. Kwa sababu hiyo mawindo ya machipuko, hasa ya Aprili na mwanzo wa Mei, huwa na madume wengi, wakati mawindo ya Agosti na Septemba huwa na majike wengi zaidi, kwani majike wako nje na njaa yao ni kali.

Kwa mtaalamu anayehesabu jamii nzima ya dubu, dume mmoja aliyeuawa hubadilisha kidogo sana idadi ya watoto watakaozaliwa, maana dume mwingine atapandana na majike waliobaki. Jike mmoja aliyeuawa huondoka na uzazi wake wote wa miaka ijayo. Kwa hesabu hiyo msimu wa machipuko ni mpole kwa jamii ya dubu, na msimu wa mapukutiko ndio wenye nguvu ya kuipunguza. Jimbo la Wyoming, kwa mfano, limekuwa likiweka kikomo cha majike wanaoweza kuuawa katika eneo fulani na kulifunga eneo hilo kikomo kinapofikiwa, hata kama leseni zimebaki mikononi mwa watu.

Lakini hesabu ya jamii nzima si hesabu ya mtoto mmoja wa dubu aliye juu ya mti. Mwezi Mei mtoto huyo ana miezi minne na bado ananyonya. Mama yake akiuawa, yeye hufa kwa njaa au huliwa. Sheria hukataza kumpiga jike aliye na watoto katika msimu wa machipuko, na wawindaji wengi huiheshimu kwa dhati, ila tatizo ni kwamba mama huwaacha watoto juu ya mti anapokwenda kutafuta chakula, hivyo huonekana akiwa peke yake. Mwindaji mwenye nia njema huweza kumpiga bila kujua. Katika mapukutiko mtoto ana miezi minane au tisa, ameshaachishwa maziwa, na nafasi yake ya kuishi bila mama ni kubwa zaidi, ingawa si ya hakika.

Suala la mayatima hao ndilo lililoifanya serikali ya Ontario kufuta msimu wa machipuko mwaka 1999. Mwaka 2014 msimu huo ulirudishwa kwa majaribio katika baadhi ya maeneo, ukapanuliwa mwaka 2016, na kuanzia 2021 ukawa wa kudumu. Washington ilikwenda upande wa pili: mwaka 2022 tume yake ya wanyamapori iliamua kutokuwa na uwindaji wa burudani wa dubu katika machipuko. Serikali hizo mbili zilikuwa na biolojia ileile mbele yao, na kila moja ikaamua kwa uzito iliouweka kwenye mizani yake. Anayetoa maoni mbele ya tume ya jimbo lake atasaidia zaidi akisema wazi anapima nini, idadi ya dubu au mateso ya mtoto aliyeachwa, badala ya kujificha nyuma ya neno sayansi kana kwamba sayansi pekee ndiyo iliyoamua.

Chambo, mbwa na macho

Njia ya kuwinda huweza kuupindua ulinganisho wote, kwa hiyo swali la msimu halijibiki bila swali la njia. Njia kuu ni tatu: kukaa karibu na chambo (chakula kilichowekwa kuwavutia dubu), kuwafuata dubu kwa mbwa mpaka wapande mti, na kutembea ukipekua miteremko kwa darubini. Colorado ilipiga kura mwaka 1992 na kukataza kwa pamoja chambo, mbwa, na uwindaji wowote wa dubu kati ya Machi 1 na Septemba 1. Oregon ilikataza chambo na mbwa mwaka 1994, na Washington mwaka 1996. Wapiga kura wa Maine waliulizwa mara mbili, mwaka 2004 na mwaka 2014, kama wakataze chambo, mbwa na mitego, na mara zote mbili walikataa kukataza.

Sababu ya Maine inaeleweka na anayeujua msitu wake. Miti imesongamana kiasi kwamba kumwona dubu kwa mbali ni nadra, na idara ya wanyamapori ya jimbo hilo imekuwa ikieleza kwamba bila chambo mawindo yangepungua mno kuweza kudhibiti idadi. Kwenye miteremko iliyo wazi ya Idaho na Montana mambo ni mengine: machipuko huleta nyasi mbichi kwanza kwenye pande zinazopigwa na jua, na dubu huonekana wakilisha hapo kama ng'ombe, umbali wa kilomita moja au zaidi. Huko mwindaji huweza kumtazama mnyama kwa saa nzima kabla ya kuamua, akingoja kuona kama kuna mtoto anayemfuata nyuma. Kwa maoni yangu, msimu wa machipuko hutetewa vizuri zaidi katika nchi ya wazi kama hiyo kuliko katika msitu mzito, na mtu anayewinda kwenye msitu mzito angefanya vyema kungoja mapukutiko.

Chambo kina hoja pande zote mbili. Kinampa mwindaji nafasi ya kumtazama dubu kwa karibu, pengine mita 20, na kutambua chuchu za jike au ukubwa wa kichwa cha dume. Papo hapo kinamlisha mnyama vyakula vitamu vya binadamu kwa wiki kadhaa, na mafuta ya ziada humsaidia jike kushika mimba ile iliyokuwa ikielea. Zaidi ya hayo, chambo hakishindi msitu ulioneemeka. Katika miaka ambayo miti ya biichi ya Maine huzaa kwa wingi, dubu huyapuuza mapipa ya chambo na mawindo hushuka. Mwaka unaofuata, njugu zikikosekana, mawindo hupanda tena.

Mahali ambapo grizli, dubu wa aina nyingine aliye mkubwa zaidi, anaishi pamoja na dubu mweusi, kwa mfano Montana, Wyoming na sehemu za Idaho, kuna jambo jingine lisilo na msimu. Grizli katika majimbo 48 ya bara, yaani Marekani bila Alaska na Hawaii, amelindwa na sheria ya shirikisho tangu 1975, na kumuua kwa kumdhania dubu mweusi ni kosa zito. Montana humtaka kila anayenunua leseni ya dubu mweusi afaulu mtihani wa kutofautisha aina hizi mbili. Rangi haisaidii kitu. Tazama nundu ya mabegani, uso uliobonyea katikati, masikio mafupi ya mviringo na kucha ndefu.

Nyama, mafuta na ngozi

Anayewinda kwa ajili ya chakula ana sababu nzuri ya kuchagua mapukutiko. Dubu aliyeshiba matunda ya porini na njugu huwa na nyama laini yenye ladha nzuri, na mafuta yake meupe yakiyeyushwa hutumika jikoni kama samli. Tahadhari ni joto: mwanzoni mwa Septemba siku bado ni za moto, mwili wa dubu una mafuta na manyoya yanayozuia kupoa, na nyama huharibika upesi isipochunwa na kupozwa mara moja. Dubu wa machipuko ana nyama isiyo na mafuta mengi, inayofaa kwa mchuzi wa kuchemka muda mrefu, na hali ya hewa ya baridi humsaidia mwindaji. Alaska hutaka, katika sehemu kubwa za jimbo, nyama ya dubu mweusi aliyeuawa kati ya Januari 1 na Mei 31 iokolewe kwa ajili ya chakula, kanuni ambayo kwa maoni yangu ingepaswa kuenea kila mahali na kila msimu.

Katika msimu wowote, nyama ya dubu huweza kubeba minyoo wa trikinela, na kuigandisha kwenye friji si kinga, kwa kuwa baadhi ya aina za minyoo hao wa kaskazini hustahimili barafu. Mwaka 2022 familia moja iliyokutana Dakota Kusini ilikula mishikaki ya dubu mweusi aliyewindwa Saskatchewan, nyama iliyokaa kwenye barafu kwa siku 45. Watu sita waliugua, wakiwemo waliokula mboga tu zilizopikwa pamoja na nyama hiyo. Nyama ipikwe mpaka ndani yake ifike nyuzi 74 za selsiasi, ipimwe kwa kipimajoto badala ya jicho. Msomaji Mwislamu atakumbuka pia kwamba wanazuoni wengi humhesabu dubu miongoni mwa wanyama wenye meno ya kuraruria ambao nyama yao si halali, na jambo hilo litampunguzia sababu za kuwinda.

Kuhusu ngozi, mwanzo wa machipuko hutoa manyoya marefu na mazito, lakini kufikia Juni huwa yamechakaa kwa dubu kujisugua kwenye miti. Mwishoni mwa Oktoba manyoya huwa yamejaa tena.

Msimu upi unapunguza dubu wanaoingia majumbani

Watetezi wa kila msimu hudai kwamba msimu wao ndio unaopunguza dubu wanaovunja magari na kupekua mapipa ya taka. Ushahidi haujawapa nguvu wanayoitaka. Utafiti wa Ontario uliochapishwa mwaka 2014 ulilinganisha mawindo, upatikanaji wa chakula cha porini na migogoro ya dubu na watu, na ukakuta kwamba migogoro ilifuata uhaba wa chakula porini, huku mawindo makubwa ya miaka iliyotangulia yasionyeshe kuipunguza. Dubu anayepigwa msituni mara nyingi siye yule aliyezoea pipa la mtaa wa saba. Kumhamisha dubu mzoefu nako hakuna matokeo ya kutegemewa, maana dubu wamerudi kwao kutoka umbali unaozidi kilomita 100.

Kilichofanya kazi kwa uwazi zaidi ni mapipa. Mjini Durango, Colorado, kati ya 2011 na 2016, watafiti waligawa mapipa ya taka ambayo dubu hawawezi kuyafungua katika baadhi ya mitaa na kuyaacha mengine kama yalivyokuwa. Migogoro inayotokana na taka ilipungua kwa takriban asilimia 60 katika mitaa iliyopewa mapipa hayo. Kwa hiyo mkazi anayeombwa kuunga mkono msimu mpya ili dubu waache kuja barazani kwake aulize kwanza kama mji wake umenunua mapipa. Hofu nayo ipewe kipimo chake: kati ya 1900 na 2009 dubu weusi waliua watu 63 katika Marekani na Kanada nzima, na mara nyingi muuaji alikuwa dume aliye peke yake, si mama anayelinda watoto kama watu wanavyodhani.

Msomaji aliyekulia Kenya, ambako uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, anaweza kushangaa kwamba uhifadhi huku hutegemea wawindaji wenyewe. Aliyekulia Tanzania amezoea vitalu vinavyokodishwa kwa wageni matajiri. Amerika Kaskazini mnyama ni mali ya umma, mkazi wa kawaida hununua leseni kwa bei anayoimudu, na kuuza nyama yake kwa ujumla ni marufuku. Nchini Marekani, sheria ya mwaka 1937 hutoza bunduki ndefu na risasi kodi ya asilimia 11, nayo huzifikia idara za wanyamapori za majimbo. Wawindaji pia hutoa taarifa: majimbo mengi hutaka jino dogo la dubu aliyeuawa, likakatwa na mistari yake kuhesabiwa chini ya hadubini ili kujua umri, na kwa jike mistari iliyobanana huonyesha hata miaka aliyolea watoto. Maine, inayowafuatilia dubu kwa kola zenye redio na kuwatembelea mapangoni kila majira ya baridi tangu 1975, huunganisha taarifa hizo mbili kabla ya kupanga msimu.

Nani achague upi

Anayeanza kuwinda na anayetaka nyama achague mapukutiko, na ikiwezekana ningemshauri aende Oktoba, wakati hewa imepoa, majike wenye mimba wameanza kuingia mapangoni na watoto wa mwaka huo wamekua. Mwindaji mzoefu mwenye darubini nzuri, aliye tayari kurudi nyumbani mikono mitupu, anaweza kuchagua machipuko katika nchi ya wazi, mapema kabisa, na kumwacha kila dubu ambaye hajamtazama vya kutosha kuwa na hakika kwamba ni dume. Idara inayotaka kupunguza idadi ya dubu haitafika mbali kwa machipuko pekee. Idara inayotaka kuwapa wawindaji nafasi bila kuigusa sana idadi itafika, mradi ikubali kwamba baadhi ya watoto watakufa na iwaambie wananchi hivyo waziwazi.

Mkazi asiyewinda ana kazi yake pia, na haingoji tume iamue. Vyombo vya kulishia ndege vishushwe tangu Aprili hadi Novemba, pipa la taka litolewe asubuhi ya siku ya kuzolewa badala ya usiku wake, grili ya nyama choma isafishwe mafuta kila baada ya kutumiwa, na chakula cha mbwa kilale ndani. Banda la kuku, ambalo familia nyingi zetu hulipenda, lizungushiwe uzio wa umeme kabla dubu wa kwanza hajalifikia, kwa sababu aliyeonja mara moja atarudi, na mara nyingi safari yake ya mwisho huwa mikononi mwa afisa aliyetumwa kumuua.